Ile milima unayoiona kutoka Pasua

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mchagga wa Kibosho, nimejenga Pasua hapa Moshi. Asubuhi kukiwa kweupe nikisimama uani nikatazama kusini mashariki naona milima ya samawati imelala kama ukuta mrefu. Mke wangu ni wa huko, Ugweno. Kwenye harusi ya shemeji yangu nilitania kwamba jina Pare lilitokana na babu zetu Wachagga, walipokuwa wakiwatandika wakipiga kelele 'mpare, mpare', yaani mpige. Watu walicheka. Mama mkwe hakucheka. Alisema tu, 'Sisi ni Wagweno,' akainuka akaingia jikoni. Sasa binti yangu wa darasa la sita ameandika kwenye daftari kwamba milima ya Upare ni mkia wa Kilimanjaro na jina lake maana yake ni kupiga, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Mwalimu wake amemwekea alama ya kuuliza kubwa. Ukweli ni upi? Na likizo ningependa nimpeleke akauone ule msitu wa juu. Nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, ila nimekusoma mara mbili na naona linalokukosesha usingizi ni moja: yule mama aliyeingia jikoni. Tutafika kwake. Niruhusu nianze na mawe, maana ukishaelewa mawe, hilo jina halitakusumbua sana. Kosa lako kwenye mlima na kosa lako kwenye jina ni lilelile. Umevitazama vyote viwili ukiwa Pasua.

Turudi hapo uani. Unachokiona si ukuta mmoja. Kipande kilicho karibu nawe ni Upare Kaskazini, wilaya ya Mwanga, ambako ziko Ugweno na Usangi. Kilele chake kirefu ni Kindoroko, mita 2,113 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake chini kuna Ziwa Jipe mpakani na Kenya, magharibi yake kuna bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na barabara ya Moshi kwenda Dar es Salaam inapita kwenye tambarare ya upande huu wa magharibi: Kifaru, Mwanga, Lembeni. Halafu milima inashuka, inabaki nchi kavu ya miiba na vilima vya hapa na pale, ndipo inainuka tena wilaya ya Same. Hiyo ni Upare Kusini, na ndiko kuliko na Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, karibu mita 2,460, ndani ya msitu wa Chome. Wewe ukiwa Pasua lile pengo hulioni, kwa sababu unautazama mstari wa milima kwa urefu wake, kama anayesimama mwisho wa foleni: wa mbele anamficha wa nyuma.

Na foleni yenyewe ni ndefu kuliko unavyodhani. Inaanzia vilima vya Taita nchini Kenya, inapita Upare zote mbili, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Wataalamu wanaiita Tao la Mashariki, kwa sababu kwenye ramani imepinda kama upinde. Hao ndio ndugu wa milima ya Upare. Kilimanjaro hayumo.

Hapo ndipo kwenye kosa la kwanza la daftari la binti yako, na usijilaumu sana, maana nimefundisha jiografia miaka mingi na karibu kila darasa alikuwepo mtoto aliyeamini hivyo. Milima miwili imekaribiana, mmoja mkubwa sana, mwingine mdogo umelala kando yake. Jicho linasema huyu ni mtoto wa yule. Lakini jicho haliulizi umri.

Chukua jiwe. Nenda kwenye msingi wa nyumba yako, au wa jirani anayejenga, uliangalie lile jiwe jeusi la Moshi. Limejaa vitobo vidogo vidogo kama mkate wa kumimina. Vile vitobo ni mapovu ya gesi. Jiwe hilo lilitoka ardhini likiwa uji wa moto, gesi ikawa inachemka ndani yake, likapoa kabla mapovu hayajapasuka yote. Ndivyo Kilimanjaro ilivyojengwa: uji juu ya uji, majivu juu ya majivu. Ilianza na Shira, kama miaka milioni 2.5 iliyopita, kisha Mawenzi na Kibo, hadi tukapata mlima wa mita 5,895.

Sasa siku ukipita barabara ya kupanda Usangi au Ugweno, simama mahali walipokata mlima kupitisha njia. Jiwe la pale halina vitobo. Lina mistari, mweupe, mweusi, mweupe, iliyopindapinda kama unga wa chapati uliokunjwa ukasukumwa tena, na katikati unaona vigae vidogo vinavyometameta. Hiyo ni ulanga. Jiwe la namna hiyo halikumwagika kutoka kwenye mlima wowote. Lilipikwa chini kabisa ya ardhi, kilomita nyingi kwenda chini, kwa joto na kwa kugandamizwa, na hilo lilifanyika mamia ya milioni ya miaka iliyopita. Halafu ardhi ikapasuka kwa nyufa ndefu, bonge la upande mmoja likanyanyuka na la upande wa pili likabaki chini. Ndiyo maana ukiwa Mwanga mjini mlima unasimama ghafla mbele yako. Kilimanjaro huanza kwa mteremko wa taratibu, unapanda kutoka Moshi hadi Kibosho bila kujua ni wapi hasa mlima umeanzia. Upare hauna hiyo adabu. Tambarare, tambarare, kisha ukingo.

Kwa hiyo Upare si mkia. Ni mzee wa mtaa, na Kilimanjaro ni jirani aliyehamia juzi akajenga ghorofa. Alama ya kuuliza ya yule mwalimu ni ya haki.

Kuhusu msitu, nao una maelezo yake, na hapa watu wengi hugeuza mambo kichwa chini. Utasikia "msitu unavuta mvua". Anayeanza kazi ni mlima. Hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inavuka nyika yote ile bila kudondosha kitu cha maana, kwa sababu hakuna cha kuisukuma juu. Ikifika kwenye milima inalazimika kupanda, na kila ikipanda mita 100 inapoa kwa zaidi ya nusu nyuzi ya sentigredi. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuja nao, unageuka ukungu, kisha mvua. Msitu unaingia hapo kama mshirika. Ule ukungu ukipita kwenye majani na kwenye kuvumwani, zile ndevu zinazoota juu ya miti, unanata, unakuwa matone, matone yanadondoka. Nimewahi kusimama chini ya mti kule juu asubuhi isiyo na mvua hata kidogo nikalowa mabega, na hatua chache nje ya msitu, kwenye shamba la mahindi, vumbi lilikuwa kavu. Mti ulikuwa unajinyeshea wenyewe. Maji hayo yanazama kwenye udongo laini na kutoka polepole kwenye vijito mwezi wa tisa, wakati masika yameshasahaulika. Ukikata msitu mvua za masika hazikomi mwaka uleule, ila zinateremka siku hiyohiyo na udongo wako, na kiangazi unabaki na kokoto.

Wapare wa zamani walilijua hili bila kipimajoto. Mna mfongo nyinyi Wachagga, ule mfereji wa kuleta maji mashambani. Wenzenu kule wana ndiva, bwawa dogo la udongo linalojazwa usiku, linafunguliwa asubuhi, na zamu za maji zina wenyewe na sheria zake. Walikuwa pia na misitu midogo ya ukoo isiyoguswa shoka, mpungi, mahali pa matambiko na pa kuwaheshimu wazee waliotangulia. Mingine ipo hadi leo. Ukiona kishamba cha miti mikubwa kimebaki katikati ya migomba na kahawa, bila sababu ya wazi, kabla hujaingia na simu yako kupiga picha, uliza.

Na kwa kuwa ile milima ni vipande vilivyotenganishwa na nyika kavu, kila kipande ni kama kisiwa. Kiumbe wa msitu wa juu hawezi kuvuka bonde la joto kwenda msitu wa pili, basi anakaa kwake maelfu kwa maelfu ya miaka, anabadilika kivyake. Upare Kusini kuna kinengenenge, kile kindege kidogo chenye miwani myeupe, ambaye jamii yake hiyo haipo kwingine duniani. Mwambie binti yako hilo. Watoto hupenda kusikia kwamba kitu kipo sehemu moja tu, na sehemu yenyewe ni kwa bibi, au karibu na kwa bibi.

Haya. Jina.

Hadithi ya "mpare, mpare" hukuitunga wewe. Inasimuliwa sana, na Wapare wenyewe wapo wanaoisimulia, wengine wakiweka ugomvi huo Taveta na wengine Uchaggani. Sikulaumu kwa kuisikia. Nataka uone kwa nini imeshika namna hiyo, maana sababu yake imo ndani ya lugha yetu wenyewe.

Mtu mmoja wa Upare tunamwita nani? Mpare. Wawili, Wapare. Nchi yao Upare, lugha yao Kipare. Shina ni "-pare", na ile m- ni ya mtu mmoja, kama m- ya Mchagga, Msambaa, mkulima. Sasa sikiliza neno "Mpare" kwa sikio la mtu asiyejua historia yake. Linaanza na m-, linaishia na -e. Neno gani jingine la Kiswahili lina umbo hilo? Mpige. Mkate. Mfunge. Mlete. Lina sura ya amri: mfanye jambo fulani yule pale! Kichagga na Chasu, ndiyo hicho Kipare, nazo ni lugha za Kibantu, nazo zina tabia inayofanana na hiyo. Kwa hiyo neno lenyewe linakualika ulitafutie kitenzi, na kwa kuwa limesikika kama amri ya ugomvi, hadithi ya ugomvi inajitunga. Ukishaipata huwezi tena kuisahau, kwa sababu ina vita, ina kelele, ina mshindi. Lakini m- hiyo si sehemu ya jina. Ukiiondoa, kama tunavyoiondoa tukisema Upare au Wapare, amri yote inakufa. Hakuna anayempiga mtu kwa kusema "pare".

Kuna jaribio rahisi unaweza kulifanya Jumapili hii ukipanda Kibosho. Mtafute mzee anayekijua Kichagga cha zamani, usimwambie habari za Wapare kabisa, umuulize: "Mzee, mtu akipigana, ukitaka kusema 'mpige' unasemaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Ukianza kwa kumuuliza "eti 'mpare' maana yake si mpige?" atakukubalia kwa heshima tu, nawe utarudi nyumbani na ushahidi ulioubeba mwenyewe kutoka Pasua. Uwaulize pia wazee wa Machame, wa Marangu na wa Rombo, kwa maana unajua kabisa Kichagga si kimoja. Neno likipatikana kwa mmoja tu na wengine hawalijui, hilo nalo ni jibu.

Huu ugonjwa wa kulitafutia jina hadithi upo mpaka kwenye mji wako. Nani hajaambiwa kwamba Moshi iliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa treni? Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911. Lakini mmisionari Charles New alimtembelea Mangi Rindi, mtawala ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, huko huko Moshi mwaka 1871, miaka 40 kabla ya kichwa cha treni chochote kukohoa pale. Jina lilikuwepo mlimani, Old Moshi, likashuka na mji. Treni ilikuta jina linaisubiri. Tumeliona neno la Kichagga limefanana na neno la Kiswahili, tukaleta na moshi wenyewe.

Si kila maelezo ya jina ni ya kutupa. Mkomazi, hifadhi iliyo nyuma ya milima hiyo, wenyeji wanaieleza kwa Chasu: mko ni kijiko cha mti, mazi ni maji. Maji ya kijiko, yaani nchi yenye maji ya kuonja tu. Hayo nayaamini kwa urahisi. Maneno yote mawili ni ya lugha ya watu wanaokaa pale, yanaungana bila kulazimishwa, na ukienda Mkomazi mwezi wa tisa utaona kijiko chenyewe. Tofauti na hadithi ya "mpare": hapa wenye nchi wameitaja nchi yao kwa lugha yao, kwa kitu unachoweza kukiona. Kule jirani anadaiwa kumpa jirani yake jina kwa lugha ya jirani, katika ugomvi ambao kila msimuliaji anauweka mahali pake.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo hadithi yako imelipatia, na sitaki nikunyime. Jina Pare linaonekana kweli kuwa jina la kutazamwa kutoka nje. Wenyewe, hasa wa kusini, wanajiita Vaasu, nchi yao Vuasu, lugha yao Chasu. Hizo Va-, Vu-, Ch- ni Wa-, U-, Ki- zetu zikiwa zimevaa nguo nyingine. Kama "Pare" lingekuwa jina walilozaliwa nalo, tungelitegemea lisikike hapo. Halisikiki.

Nawe usifurahi mapema, maana hata wewe uko kwenye mtumbwi huohuo. Babu yako hakujiita Mchagga. Alijiita mtu wa Kibosho, na wa Machame alikuwa mtu wa Machame, kila mmoja na mangi wake, na walipigana wao kwa wao vilivyo. Chagga ni jina lililokuzwa na watu wa nje, misafara ya pwani iliyopanda kutoka Pangani kufuata mto, na baada yao wamisionari na Wajerumani. Mfanyabiashara wa msafara hana muda wa kujifunza jina la kila ukoo. Anataka jina moja la mlima mmoja: huku kwa Pare, kule kwa Chagga. Hesabu yake ilikuwa ni meno ya tembo na chakula cha wapagazi.

Sasa mama mkwe.

Aliposema "Sisi ni Wagweno" hakuwa anakwepa utani. Alikuwa anakusahihisha, kwa upole kuliko ulivyostahili. Ugweno ilikuwa na utawala wake zamani sana kabla ya wilaya yoyote kuitwa Pare. Simulizi za wazee wake, ambazo wanahistoria walizikusanya miaka ya 1960, zinasema nchi hiyo ilishikwa kwanza na Washana, ukoo wa wahunzi, na baadaye Wasuya wakawanyang'anya utawala na kuupanga upya. Ramani za Wajerumani za mwanzo ziliandika milima ya kaskazini "Ugueno". Na lugha yake je? Wataalamu wanaopanga lugha za Kibantu kwa ujamaa wake hukiweka Kigweno kundi moja na Kichagga. Chasu kinakaa kundi jingine. Umeelewa hapo? Ulimtania mama mkwe kwa madai kwamba babu zako waliwapa wao jina kwa lugha ngeni, na kumbe lugha ya bibi zake ni binamu wa lugha ya bibi zako. Siku moja mwombe akuhesabie moja hadi kumi kwa Kigweno. Utaitikia kabla hajafika tano. Na fanya haraka, kwa sababu vijana wa kule wanazidi kuongea Chasu na Kiswahili, na Kigweno kinabaki kwa watu wa rika lake.

Kuhusu nani alimpiga nani: vita vilikuwepo pande zote, sitakudanganya. Lakini Ugweno ilisifika Uchaggani kwa chuma. Baada ya mvua kubwa, kwenye vijito vya kule hubaki mchanga mweusi mzito. Wahunzi waliukusanya, wakauosha kwa kuuzungusha ndani ya chombo mpaka mchanga mwepesi ukatoka na mweusi ukabaki, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Wamangi walihitaji chuma hicho kwa mikuki na majembe. Kwa hiyo kama kweli babu yako alishika mkuki akapiga kelele, kuna uwezekano mzuri kwamba ncha ya mkuki huo ilitoka kwa babu wa mkeo, na iliuzwa, haikutekwa.

Usielewe kwamba sasa neno Mpare ni tusi. Halikubaki jina la wapita njia. Wenyewe walilichukua wakalifanya lao, na lililosaidia sana ni kodi. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilileta kodi ya kupimwa kwa mali ya mtu, iliyoitwa mbiru, na mwaka 1945 watu kwa maelfu, wa kaskazini na wa kusini, waliteremka milimani wakaenda Same kwenye makao makuu ya wilaya kuikataa. Walishuka Wagweno, Wasangi na Vaasu, na serikali iliwaona Wapare. Baada ya hapo hata wao walikuwa na sababu ya kujiona hivyo. Wengi leo watakwambia kwa fahari "mimi Mpare". Wengine, hasa nyumbani kwao, na hasa mbele ya mkwe aliyevuka mipaka, watakwambia Mgweno. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, kama wewe unavyokuwa Mkibosho ukiwa Machame na Mchagga ukiwa Dar es Salaam.

Utani kati ya Wachagga na Wapare ni wa siku nyingi na sitaki ufe; mimi mwenyewe nimetaniwa vya kutosha kuhusu ubahili na kesi za mahakamani. Lakini utani una mizani yake. Kumwambia shemeji kwamba Mpare hukata rufaa hata akishinda kesi, hilo linakwenda. Kumwambia mama mkwe, kwenye harusi ya mwanawe, mbele ya wageni, kwamba kabila lake limeitwa kwa kipigo ulichompa wewe, huo si utani tena, ndugu yangu. Kwa mama mkwe hakuna utani wa namna hiyo hata Kibosho. Nenda. Usipige simu. Chukua sukari na kitenge, mkeo atakuelekeza lipi la kwanza, uketi, uanze kwa kumwomba akueleze habari za Ugweno. Samahani itajitokeza yenyewe katikati ya mazungumzo. Na ukifika mahali pa historia ya koo, nani alitoka wapi, mpungi upi ni wa nani, hapo mimi si mtu wa kuulizwa. Simulizi hizo zina wenyewe, na ukoo mmoja haumsimulii mwenzake.

Kuhusu safari ya binti. Msitu wa Kindoroko ni msitu wa hifadhi, huwezi kuingia tu kama unavyoingia shambani. Pita kwanza ofisi ya misitu Mwanga, kisha serikali ya kijiji utakakoanzia, na uombe mtu wa kijiji wa kuwaongoza. Msiende peke yenu hata kama njia inaonekana. Ukungu unaweza kushuka katika dakika chache na njia za wakata majani ng'ombe zinafanana zote. Aprili usithubutu, barabara za juu zinateleza na vijito vimejaa. Likizo ya Juni ni nzuri, ila kule juu Juni kuna baridi ambayo mtoto wa Pasua haijui, abebe sweta. Mvae suruali ndefu na soksi nje ya suruali, siafu hawachagui kabila. Magari ya Mwanga yapo stendi ya Moshi kutwa, ni kama kilomita 50, na pale Mwanga mtapata ya kupanda Ugweno. Laleni kwa bibi, pandeni asubuhi.

Mwambie binti abebe vitu viwili: kipande cha lile jiwe jeusi la Moshi lenye vitobo, akalinganishe na jiwe la kule, na sumaku. Ya spika iliyokufa inatosha, ila aifunge ndani ya mfuko wa nailoni kwanza, la sivyo atashinda anaikwangua. Kwenye kijito chochote cha Ugweno aipitishe juu ya mchanga mweusi uliojikusanya nyuma ya mawe. Akiiinua itakuwa imeota ndevu. Achukue kidogo kwenye chupa, ampelekee yule mwalimu aliyemwekea alama ya kuuliza.